Siku Niliyopotea Sokoni Muhuru

Sisi tulioanza shule miaka ile ya sitini, bendera ya uhuru ikiwa bado haijapauka juani, tunajua kwamba somo la kwanza halikuwa hesabu. Lilikuwa kujua wewe ni nani. Shuleni kwetu Muhuru, kando ya ziwa, Mwalimu Dorka alitupanga mstari kila asubuhi, miguu mitupu, harufu ya omena, dagaa wa ziwani, imetuingia hadi kwenye nywele, akatuuliza mmoja mmoja: jina lako, baba yako, mama yako, kijiji chako, chifu wako. Halafu rangi za bendera na maana zake. Mwisho usalama: usiingie ziwani bila mtu mzima, usichezee kisu cha kupasulia samaki, na ukipotea usikimbie ovyo. Simama hapo hapo, umwambie mtu mzima wewe ni mtoto wa nani.

Mimi nilikuwa hodari wa somo hilo, na hakuna aliyelijua hilo kunishinda mimi mwenyewe. Nilikuwa na miaka minane na maringo ya mtu wa arobaini. Jioni, nikimaliza kuosha vyombo, nilimkalisha chini mdogo wangu Atieno, wa miaka minne, nikamfundisha yote huku nimeshika kijiti. Akikosa, namrudisha mwanzo. Alilia mara nyingi, nami niliamini kilio chake ni dalili kwamba ualimu wangu unafanya kazi.

Siku moja ya soko mama alitupeleka kuuza omena. Kabla ya kutandika gunia lake alinikabidhi mkono wa Atieno, akaniambia nisimwachilie, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Niliona ananivunjia heshima. Mtu kama mimi wa kuambiwa jambo kama hilo?

Basi kulikuwa na muuza vitambaa aliyekuja na gramafoni, anapiga muziki ili watu wakusanyike. Nilisogea naye kidogo, nikasogea tena. Wimbo ulipoisha watu walipiga makofi, na mimi nikapiga. Nilipoukumbuka ule mkono wa Atieno, haukuwepo.

Mnadhani nilisimama hapo hapo? Nilikimbia. Nilipita katikati ya mbuzi, nikaruka vyungu vya watu, nikaenda hadi mwisho wa soko nisikokujua, nikaanza kulia kwa sauti. Mama mmoja Mkuria, aliyekuja kuuza nafaka ya wimbi kutoka mbali upande wa Ntimaru, alinishika bega. Kijaluo hakukijua, kwa hiyo aliniuliza kwa Kiswahili, "Wewe mtoto wa nani?"

Kiswahili changu chote kilikuwa cha darasani. Nikajikaza, nikasimama wima, nikajibu, "Mimi ni mtoto wa Kenya."

"Kenya ni kubwa, mtoto," akasema taratibu. "Mama yako anaitwa nani?"

Jina la mama lilikuwa limenitoka kabisa. Nilichobaki nacho ni bendera. Nikamweleza kwamba nyeusi ni watu wetu, nyekundu ni damu, kijani ni ardhi, nyeupe ni amani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, akanipa kiazi cha kuchemsha, akanikalisha juu ya gunia lake na kuwaambia wenzake wapitishe habari.

Kumbe Atieno hakuwa ametoka pale kwenye gramafoni. Alisimama kama nguzo. Muuza samaki mmoja alipomwuliza, alitaja jina lake, la baba, la mama na la kijiji, bila kukosa hata moja, kisha akaongeza kwamba dada yake mkubwa amepotea na atafutwe.

Mama alipoletewa Atieno peke yake, mawazo yake yalikwenda ziwani moja kwa moja. Walinisimulia baadaye kwamba aliingia majini hadi kiunoni, akashika mtumbwi uliokuwa unaondoka kwenda kisiwa cha Mfangano, akataka kila gunia lifunuliwe, huenda nimo. Habari ya yule mama wa wimbi ilimkuta huko huko. Alikuja kwangu nguo zikichuruzika maji, akapiga magoti kwenye vumbi. Nilingoja kofi. Badala yake alinishika uso kwa mikono yote miwili.

"Nilidhani ziwa limekuchukua," akasema.

Kiazi kilikuwa bado mdomoni, sikuweza kumeza wala kutema.

Nyumbani sikuchapwa, ila adhabu niliipata. Karibu mwaka mzima, kila tulipokwenda sokoni, mama alimwita Atieno mbele ya watu wote na kumwambia, "Mshike dada yako mkono." Na Atieno, bila huruma, alinishika. Kijiti cha ualimu nilikiweka chini mwenyewe.

Siku hizi wajukuu wangu hawapotei, simu inawaonyesha njia hadi mlangoni. Juzi nilimwuliza mmoja jina la baba wa babu yake, akaniomba nisubiri mtandao urudi. Nilicheka, lakini si sana. Katika soko lile wakati ule, ukitaja jina la baba, watu watatu walisimama kukupeleka nyumbani. Mwaka jana nilipita pale na Atieno, tumezeeka wote, tukazunguka kutoka mwanzo hadi mwisho. Watu walituuliza tu tunanunua nini. Hakuna hata mmoja aliyeuliza sisi ni watoto wa nani.