Beti Sita Chini ya Hadubini

Miaka ishirini na mbili kaka mtu alifanya utafiti wa kifua kikuu katika chumba chenye milango miwili, barakoa usoni, akitafuta kwa nini dawa zilizoponya wazazi haziponyi tena watoto. Vijidudu vile havina haraka. Unavipanda leo, unasubiri wiki sita. Katika kusubiri huko alitunga mashairi, kwa penseli, nyuma ya fomu zilizoharibika. Wenzake wakambandika jina: Mzee wa Vina.

Karatasi hazikutoka chumba kile, zisije zikabeba vijidudu. Kila jioni zilichomwa, na sheria hiyo aliiandika yeye mwenyewe. Basi alikariri beti zake, akaja nazo kichwani hadi kwa dada yake mjane aliyekaa naye, naye akaziandika daftarini.

"Karani wangu, uko tayari?"

"Karani gani hana mshahara?"

"Mshahara wako uko mbinguni."

"Basi na kazi nitaifanya nikifika huko!"

Mama yao alikufa kwa kifua hichohicho. Dada alikuwa mdogo, hakuruhusiwa wodini. Maneno ya mwisho ya mama aliyasikia kaka peke yake. Kila akiulizwa, alianza kuyasema akaishia kulia. "Nitakuwekea kwenye utenzi," alisema. Dada akangoja miaka arobaini.

Jumatatu moja kaka aliingia akitabasamu. "Nimemaliza. Beti sita za mwisho, na maneno ya mama yamo."

Dada alikuwa ameshinda akifua, kichwa kinamgonga. "Kaka, kesho. Leo hata penseli siioni."

"Haya, kesho. Ila nimefanya kosa, usinicheke. Siku hizi nasahau beti, basi karatasi sikuichoma, nimeiacha chini ya hadubini."

Asubuhi, kabla hajafika maabara, kiharusi kikamwangusha njiani. Siku tatu midomo yake ilichezacheza, dada ameinama juu yake, hasikii kitu. Ya nne, Mungu akamchukua.

Baada ya maziko dada alikwenda maabara. Fundi, binti aliyefundishwa na marehemu, alimpokea mlango wa nje.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Kuna karatasi yake chini ya hadubini. Nisomee tu kutoka huko ndani, nitaandika."

Binti akaziba mdomo. "Niliiona siku ileile aliyoanguka. Nikaichoma, mama. Niliogopa wakaguzi wasije wakasema mwalimu wetu amevunja sheria yake."

"Hukuisoma? Hata mstari mmoja?"

"Alitukataza kusoma vyake kabla hajavimaliza."

Dada hakuwa na wa kumlaumu. Binti alilia, naye ndiye aliyembembeleza.

Nyumbani alifungua daftari. Katika ubeti wa mwisho alioandika, mama anamwambia mwanawe asogeze sikio. Chini yake mistari ni mitupu. Alipiga magoti kumshukuru Mungu, kama alivyolelewa. Shukrani haikutoka. Alibaki hapo sakafuni akirudia neno moja, kesho, kesho, mpaka magoti yakafa ganzi.