Meli Haipigi Honi Kama Treni ya Itigi

Sogeza kiti karibu, wewe ambaye mwanao au mdogo wako amekupigia simu kutoka Ulaya akasema jiandae, mwaka huu tunapanda meli ya utalii. Najua hukupata usingizi siku hiyo. Nami sikuupata. Nitakueleza tulivyojipanga mimi na mama yangu, watu wa Itigi ambao bahari tulikuwa tunaiona kwenye kalenda tu, ili wewe usihangaike pale tulipohangaika sisi. Na nikutoe wasiwasi mapema: tulirudi salama, na mama alirudi amenenepa.

Mdogo wangu ni muuguzi Ujerumani. Alikuwa na hamu moja, mama aione bahari akiwa juu yake, wakati magoti yake bado yanambeba. Meli ingeanzia Italia, ipite Montenegro na Ugiriki, kisha irudi Italia. Kila usiku inatembea, kila asubuhi inatia nanga kwenye mji mwingine, abiria wanashuka kutembea, na jioni wanarudi ndani. Ndiyo safari yenyewe. Hoteli inayohama na wewe.

Anza na viza, na anza mapema. Nchi nyingi za Ulaya zinatumia viza moja, lakini si zote. Montenegro, kwa mfano, haimo. Meli ikiingia huko, wewe umetoka kwenye zile nchi za viza moja, na ikifika Ugiriki unahesabika unaingia upya. Ukiwa na viza ya kuingia mara moja tu, imekwisha kazi katikati ya safari. Kwa hiyo omba ya kuingia zaidi ya mara moja, na ambatanisha ratiba ya meli ili anayesoma maombi yako aone sababu. Kisha uliza kuhusu kila nchi iliyo kwenye ratiba, hata ile ambayo hufikirii kushuka. Tulisafiri hadi Dar es Salaam kwa ajili ya alama za vidole, na mama alimwamkia kila mtu kwenye foleni mpaka foleni nzima ikawa inamwita mama.

Jambo la pili, fika kwenye mji wa bandari siku moja kabla ya meli kuondoka. Ndege ikichelewa, meli haina habari na ndege yako.

Mizigo ilitupa kazi zaidi ya viza. Kwetu hakuna anayekwenda kwa watu mikono mitupu, na mama alishakaanga kuku wawili wakauke vizuri.

"Mama, nyama hairuhusiwi kuingia kule."

"Hata ya kienyeji?"

"Hasa ya kienyeji."

Akanitazama kama mimi ndiye niliyeitunga sheria hiyo. "Basi asali. Na asali mkiikataa, mtakwenda wenyewe."

Asali kidogo ya matumizi yako kwa kawaida haina shida, lakini uliza kabla ya kufunga begi, maana sheria hubadilika. Na iweke kwenye sanduku kubwa, si kwenye begi la mkononi, kwa sababu ukaguzi wa uwanja wa ndege haupitishi vitu vya majimaji isipokuwa vichupa vidogo sana. Tulizifunga chupa za mama kwa khanga, na zilifika bila kuvuja hata tone. Dawa ni kinyume chake. Dawa zako zote, za presha, za sukari, za chochote, zikae kwenye begi la mkononi, ndani ya paketi zake. Siku ya kupanda meli wanachukua masanduku bandarini na kuyapeleka wenyewe vyumbani, na la kwako linaweza kufika jioni. Mama alimeza dawa yake kwa wakati, amekaa kwenye kiti laini, akishangaa watu wanaokula mchana kutwa.

Meli ilipong'oa nanga Italia tulikuwa juu, tumeshika vyuma vya pembeni. Ikapiga honi ndefu iliyotetemesha vifua. Mdogo wangu akaziba masikio. Mama alitabasamu, akasema kwa Kinyaturu kwamba sasa amekielewa chombo hiki. Sikumuuliza amekielewa vipi.

Ili unifuate vizuri, lazima nikupeleke kidogo stesheni ya Itigi. Mama aliuza pale asali na kuku wa kuchemsha tangu sijazaliwa. Treni ikisimama, abiria wanashuka, wananawa uso, wanabishana bei, wengine wanakaa kabisa kunywa chai. Hakuna anayetazama saa, kwa sababu treni inaaga. Dereva anapiga honi, watu wanamalizia chai, wanadaka chenji zao, wanapanda. Mama angekuambia kwamba mtu anayekimbilia treni kabla ya honi ni mgeni, na mgeni ndiye wa kuuziwa bei ya juu. Maisha yake yote ya kazi yalienda na sauti hiyo.

Basi, tukafika mji mmoja wa Ugiriki. Mdogo wangu alikuwa na kichefuchefu cha bahari, akabaki chumbani. Mlangoni mwa meli kulikuwa na kibao kikubwa: abiria wote wawe ndani saa kumi na nusu jioni. Nilikisoma kwa sauti, na mama akaitikia. Tukashuka na simu yangu, pesa kidogo na kadi zetu za meli, zile zinazosomwa kwa mashine kila ukitoka na kuingia. Pasipoti na dawa zilibaki ndani.

Tulitembea vizuri, taratibu, kwa mwendo wa magoti ya mama. Tulipokaribia kurudi, nikamkalisha kwenye benchi karibu na geti la bandari, mahali ambapo meli inaonekana yote, nikamwambia nakwenda duka la dawa kumtafutia mdogo wangu kitu cha kutuliza tumbo.

"Usiondoke hapa, mama."

"Niende wapi na mimi simjui mtu?"

Duka la dawa lilikuwa na foleni. Niliporudi, benchi lilikuwa tupu.

Nikaita mama, nikageuka kila upande. Meli ilikuwa palepale, nyeupe, kubwa kuliko majengo ya karibu, lakini sehemu ya gati walipokuwa wakishuka watu ilikuwa karibu tupu. Simu ikalia. Mdogo wangu.

"Dada, mko wapi? Wanaita majina ya wasiorudi. Wameita la mama na lako."

"Tuko karibu," nikamwambia, na lilikuwa neno la kweli kwa nusu tu, upande wangu.

"Dada, saa kumi na nusu imebaki kidogo sana. Mkiachwa, mtalala wapi? Na dawa zake ziko huku."

Nilisimama nikajilazimisha kufikiri. Mama hajui Kigiriki wala Kiingereza. Haendi dukani kwenye vioo, hapendi. Angeenda wapi mtu ambaye amefanya biashara stesheni maisha yake yote? Angeenda wanakouza. Nyuma ya geti, upande wa soko la samaki, kulikuwa na safu ya meza chini ya miavuli. Nikaenda huko karibu nikikimbia.

Nilimkuta. Hakuwa mbele ya meza kama mnunuzi. Alikuwa nyuma ya meza, amekalia kigoda cha mwenyewe, anafuta midomo ya chupa za asali zilizopangwa mezani kwa ncha ya khanga yake. Mwenye meza, mwanamke wa umri wake aliyevaa nguo nyeusi, alikuwa ameshika kichupa cha asali ya Itigi ambacho, kumbe, mama alikuwa akitembea nacho kwenye pochi. Alikuwa ametia tone nyuma ya kiganja, analionja amefumba macho. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja, na walikuwa wanaelewana kabisa.

"Njoo uonje ya huyu," mama akaniambia. "Nyepesi, lakini ina harufu nzuri ya maua. Nimemwonyesha yetu ya vichakani, hakuamini ilivyo nyeusi."

"Mama, inuka. Meli inaondoka."

"Haijapiga honi."

"Haitapiga."

"Juzi ilipiga. Umesahau? Kaa kwanza, unahema kama umetoka kuchota maji."

Hapo ndipo nilipoelewa alichokielewa yeye siku ile. Nikachuchumaa mbele yake, nikamshika mikono, nikamweleza taratibu. "Mama, ile juzi ilipiga ikiwa imeshaondoa ngazi. Hii honi si ya kuita watu. Ni ya kuondoka. Ukiisikia ukiwa huku nje, umeachwa."

Akageuka kuitazama meli. "Meli gani isiyoaga?"

"Hii."

"Basi ina tabia mbaya," akasema, na akainuka.

Magoti yalikuwa yamekakamaa kwa kukaa. Yule mwenye meza alitutazama usoni, akaitazama meli, na hakuhitaji mkalimani. Akafunika meza yake kwa kitambaa, akamshika mama mkono wa upande wa pili, akatupitisha kwenye kichochoro cha wavuvi kilichotokea karibu na geti kuliko njia niliyokuja nayo. Tulimkokota mama kati yetu, naye njia nzima alikuwa anatuambia tusimvute kama mbuzi wa mnada.

Getini nilionyesha kadi. Askari akatupungia mkono tupite haraka, akaongea kwenye redio yake. Mwanamke yule akabaki pale, haruhusiwi kuvuka. Mwishoni mwa gati, kwenye mguu wa ngazi ya meli, wafanyakazi wawili walikuwa wamesimama, na mmoja akaja kutupokea. Mama alipofika kwao, akiwa hana pumzi, akawasalimia wote wawili kwa Kiswahili na kuwauliza habari za kazi. Kadi yake ikalia kwenye mashine. Yangu ikalia. Sijawahi kusikia mlio mtamu kama ule. Mdogo wangu alikuwa ndani ya mlango, ameegemea ukuta, uso umempauka, na alimkumbatia mama kwa muda mrefu.

"Usinibane," mama akasema. "Nina asali kwenye pochi." Alikuwa amebadilishana na yule mwenye meza.

Tulipanda juu kupunga hewa. Walikuwa wanavuta ngazi ndani. Kisha honi ikapiga, ileile ndefu, na mama akatikisa kichwa. Wakati huohuo tukaona watu wawili, mume na mke, wanakimbia gatini na mifuko ya zawadi. Walifika mahali ngazi ilipokuwa, wakasimama. Maji yalikuwa yameshafunguka kati yao na meli.

Mama aliwatazama mpaka wakawa wadogo. "Wale wana mtu wa kuwapokea huku?" akauliza.

Mdogo wangu akamweleza kwamba kampuni ya meli huwa na wakala bandarini, kwamba watasaidiwa, watalipia hoteli na safari wenyewe mpaka bandari inayofuata. Ndiyo maana, na hili lichukue, namba ya wakala wa bandari, ambayo imo kwenye karatasi ya ratiba ya kila siku, ibebe unaposhuka, pamoja na nakala ya pasipoti na dawa za siku mbili. Sisi hatukubeba chochote kati ya hivyo, na nikiwaza jioni ile hadi leo, nashusha pumzi.

Bandari zilizofuata, mama ndiye aliyekuwa mlinzi wetu. Akifika mlangoni alimgusa mfanyakazi mkono, akaonyesha kifundo cha mkono pale saa inapokaa, na hakushuka mpaka ajibiwe. Mimi na mdogo wangu tukichelewesha hatua, alituuliza kama tunasubiri honi.

Basi nawe fanya hivyo. Kabla ya kushuka ngazi, muulize aliye mlangoni saa ya mwisho ya kurudi kwa saa za meli, maana saa za mji zinaweza kuwa tofauti, iandike kiganjani, na ukiwa mjini geuka urudi saa nzima kabla ya hiyo.