Ubao wa Samaki wa Dada Yangu

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza, nikueleze jinsi ya kuutambua ubao wa mawimbi wa zamani. Usicheke. Najua Musoma hatuna mawimbi ya kuchezea; ziwa likichafuka, mwenye akili anavuta mtumbwi wake nchi kavu. Lakini kazi hiyo niliwahi kuijua, na kuna siku ilimfaa dada yangu.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Butiama. Ujanani nilifanya kazi kwenye hoteli moja ya ufukweni, karibu na Dar es Salaam. Wageni walikuja na mbao ndefu, nyepesi, ambazo mtu husimama juu yake na wimbi likamsukuma hadi pwani. Zikipasuka, mimi na fundi mkuu tulizibandika. Yule fundi alipenda za zamani kuliko mpya, na kila tulipopumzika alinionyesha tofauti zake.

Dada yangu mkubwa ni mjane, anakaa Kamunyonge, Musoma mjini, anauza sato nyumbani kwake. Miaka mingi alitengenezea samaki juu ya ubao mrefu uliolazwa juu ya mafungu mawili ya mawe. Mumewe alipewa ubao huo na familia ya wageni aliyokuwa akiitunzia bustani, walipokuwa wanarudi kwao. Dada aliufunika kwa nailoni na kuifunga kamba huku na huku. Nimekula samaki wa pale mara nyingi, nami nilidhani ni mlango mbovu!

Siku moja akanipigia simu.

"Mdogo wangu, nimepata mtu wa Bunda anayetaka ubao wangu wa samaki. Anapelekaga vitu vya kale kwenye hoteli za watalii. Alikuja kununua sato, akakuta nimetoa nailoni nioshe. Ameniambia atanipa bati sita."

Bati alizihitaji kweli. Upepo ulikuwa umeng'oa paa la chumba chake cha pili, na mawingu ya masika yalishaanza kukusanyika. Chumba kizima kilitaka bati kumi na sita.

"Sita si mbaya," nikamwambia.

"Sita zitafunika kitanda, mimi nilale wapi?"

Nikamwomba anitumie picha. Nilipoifungua, nilicheka peke yangu karakanani: ulikuwa ubao wa mawimbi, tena wa zamani. "Dada, usimpe mtu. Wala usiuguse. Nakuja kesho asubuhi."

Dada hakuugusa. Aliyeugusa ni shemeji, mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa mitumbwi. Nilimkuta uani na msasa mkononi na kopo la rangi ya kijani miguuni. Kwenye ufa mmoja wa ubao alishagongelea pamba, kama tunavyoziba nyufa za mtumbwi.

"Karibu, shemeji! Umechelewa, kazi imeanza."

"Shemeji, simama kwanza!"

"Nisimame wakati mnunuzi anakuja mchana? Tangu lini kitu cha majini kikauzwa uchi?"

Usimlaumu. Kwenye mwalo wetu, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, hakuna anayeuza mtumbwi kabla ya kuuziba na kuupaka rangi. Ukiupeleka ulivyo, watasema una uvivu. Alikuwa anamheshimu shemeji yake kwa njia aliyoijua. Nikamweleza taratibu kwamba kitu cha kale hakifuati sheria ya mtumbwi. Mtumbwi unanunuliwa kwa safari zitakazokuja. Kitu cha kale kinanunuliwa kwa miaka kilichokwisha kupitia, na msasa unaifuta ile miaka.

"Kwa hiyo uchafu ndio bei?" akauliza.

"Uchafu hapana. Uzee."

"Basi mniuze na mimi," akasema, na dada akacheka mpaka akashika mlango.

Tuliichokoa pamba kwa kijiti. Sehemu aliyoipiga msasa haikuzidi kiganja. Kisha nikawaita wote wawili waje wauone ubao. Kwanza uzito: tuliuinua watu wawili, na shemeji akaguna, maana mbao za siku hizi mtu mmoja anabeba kwapani. Halafu utepe wa mti uliopita katikati toka ncha hadi ncha, ulionyooka kama uti wa mgongo wa sato. Halafu mkiani: mbao za sasa zina kitundu cha kamba ya kufunga mguuni. Huu haukuwa nacho.

"Ndiyo maana nilileta keekee," shemeji akasema. "Nilitaka kuutoboa upate pa kufungia kamba, kama mtumbwi."

"Mungu amekuona, keekee ibaki mfukoni."

Upande wa juu ulikuwa na mikato ya kisu isiyohesabika. Dada akaishiwa furaha. "Nimeuharibu mwenyewe, mdogo wangu. Miaka yote hiyo nakata samaki."

"Tuugeuze," nikasema.

Hakuna aliyewahi kuugeuza. Pezi lake la chini, moja tu, kubwa, lililoumbwa pamoja na ubao wenyewe, lilikuwa limekaa kati ya mawe na kuuzuia usiyumbe. Tulipougeuza, tukaona jua halikuwahi kufika kule, wala kisu. Nikapangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Ikatokea mistari miwili myekundu, kisha alama ya mtengenezaji, na pembeni ya utepe wa mti, chini ya faiba, lile ganda gumu la kung'aa linaloufunika ubao, iliyogeuka rangi ya asali, namba zilizoandikwa kwa penseli. Aliyeutengeneza aliziandika kwa mkono wake kabla ya kuufunika. Dada akaziwekea kidole moja moja, akizisoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mtu wa Bunda alipofika, nilimwonyesha yote, na sehemu iliyopigwa msasa nikamwonyesha pia. Akapiga picha, akazituma, akakaa kusubiri majibu huku anakula sato. Simu ikalia. Akaenda nje kuongea, akarudi anafuta mikono.

"Mama, wenye hoteli wanauliza hii mikato ni ya nini."

"Ya samaki, baba. Hapo nimesomesha watoto watatu."

"Basi wanautaka na mikato yake. Nitakupa bati kumi na mbili."

"Kumi na sita," dada akasema, "na misumari."

Yule bwana akamtazama, akautazama ubao, akacheka. "Na misumari, mama."

Wiki ile ile shemeji alipanda juu ya nyumba, akazipiga bati zote, na mbao za pembeni akazipaka rangi yake ya kijani bila mtu kumzuia.

Nawe ukikuta kitu cha zamani nyumbani, weka msasa na rangi mbali. Kigeuze, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, piga picha pande zote mbili, ndipo umwite mnunuzi.