Jina la Kwanza kwenye Makala ya Nyufa

Kazini wanamwita Mama Nyundo. Ni mhandisi, na utafiti wake ni kugonga: huzunguka kwenye matangi ya maji ya zege, akagonga ukuta kwa nyundo ndogo, na chombo alichokibandika pembeni kinasikiliza mlio na kumwonyesha ufa ulipo kabla maji hayajaanza kuvuja. Nimewahi kuongozana naye. Haongei mpaka amalize tangi zima.

Mwaka huu mkutano wa wahandisi huko ng'ambo ulikubali makala yake. Nauli haikumtia wasiwasi, kwa kuwa upo mfuko unaowasafirisha watafiti. Jibu la mfuko lilimkuta maabara, mikono imejaa vumbi la saruji. Alisoma, akakaa juu ya ndoo. Mfuko humsafirisha mwandishi wa kwanza tu, na mwandishi wa kwanza alikuwa Profesa.

Aliyemtanguliza Profesa ni Mama Nyundo mwenyewe. Katika maabara ile kila makala hutanguliza jina la Profesa, hata kama aliyetoka jasho ni mwingine. Ndiyo adabu yao, kama kumpisha mkubwa kwenye kiti.

"Si umwambie?" dada yake alimuuliza kwenye simu.

"Nimwambie nini? Kwamba hakufanya kitu? Mzee wa watu kanifundisha tangu sijui hata kuchanganya zege."

"Basi kaa hapo na adabu yako. Ndege haitakusubiri."

Akajikaza, akaenda. Alimkuta Profesa ofisini kwake, amekunja uso mbele ya pasipoti iliyokwisha muda.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Afadhali umekuja. Hebu niambie, mwanangu, nimekukosea nini?"

"Profesa?"

"Watu wa mfuko wamenipigia kunipongeza. Eti nikasimame mbele ya mabingwa nieleze mlio wa nyufa. Mlio huo mimi nimeusikia lini? Sikio lenyewe hili siku hizi linaingia kazini kwa zamu."

Mama Nyundo alitaka kucheka, akaogopa. "Nilikutanguliza kwa heshima tu."

"Heshima gani ya kwenda kumuumbua mtu ugenini? Tangu wanipigie sina usingizi. Nikikataa, utadhani nakubania. Nikikubali, swali la kwanza tu wamenimaliza."

Palepale akanyanyua simu, akawapigia watu wa mfuko, akaiweka kwenye spika na kueleza yote. Mama aliyepokea huko alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama wote wawili wameafiki kubadilisha mpangilio wa majina.

"Tumeafiki!" walijibu kwa pamoja, kwa sauti kubwa hata mama yule akaangua kicheko. Basi wamwandikie yeye na waandaaji wa mkutano, alisema. Muda wa kurekebisha bado upo, na tiketi itatoka kwa jina la binti.

Profesa alishusha pumzi ndefu, akaitupa pasipoti kwenye droo na kuifunga kwa goti.

Mama Nyundo alifika kwenye ngazi, akakaa. Akampigia dada yake.

"Enhe, kasemaje?"

"Niazime lile koti lako la baridi."