Kanawe kwanza, ndipo mchungaji akuoshe miguu

Leo kanisani mama wa watu kaambiwa akanawe miguu kwanza, ndipo mchungaji amwoshe miguu.

Soma tena. Sijakosea kuandika.

Ilikuwa semina ya viongozi hapa Bariadi, somo ni unyenyekevu. Mwishoni mchungaji akavua koti, akajifunga taulo jeupe kiunoni, akasema atatuosha miguu kama Yesu. Tukaitikia amina kwa nguvu!

Wa kwanza, mwenyekiti wa wazee. Kakaa kwenye kiti mbele yetu, kavua soksi, mguu unanukia sabuni. Picha zikapigwa.

Akafuata Mama Kabula, kiongozi wetu wa maombi. Katoka kwenye shamba lake la pamba kwa miguu, mvua imenyesha, na mnaujua udongo wetu mweusi ukilowa. Umemganda mpaka juu ya vifundo.

Mwenyekiti akamzuia: "Mayu, mama yangu, kanawe kwanza bombani. Utachafua maji ya watumishi."

Maji ya watumishi!

Mama akauliza taratibu, "Sasa nikishanawa, mchungaji ataosha nini?"

Watu wakacheka. Mimi nikamwangalia mchungaji, nangoja neno lake moja tu.

Akakaza taulo. Akasema, "Anayefuata."

Mama Kabula akaokota ndala zake, akatoka.

Aliyefuata nilikuwa mimi. Sikukaa.

Na msije hapa kuniambia watumishi wa Mungu hawasemwi. Nyie mngekaa kwenye kile kiti?

Picha zimeshatumwa kwenye grupu la kanisa, watu wanaandika "utukufu kwa Mungu."

Litazameni vizuri hilo taulo. Halina hata doa.