Nahodha wa Kidole Gumba

Jirani yetu husafiri ziwani peke yake, kwa mtumbwi wenye tanga la turubai, tangu vita vimalize mafuta ya mota. Kamba ya usukani huifunga kwenye kidole gumba cha mguu, mikono ibaki kumenya karanga. Mtumbwi ukipinda, huugombeza kama mbuzi: "We! Kwetu iko ku Baraka!" Njia, anasema, anaiona kwa akili yake. Mkewe, siku za safari, huanika tu kitenge cha njano juu ya paa.

Juzi risasi zilipolia mjini Baraka, tulikimbilia mlimani. Mkewe akatandaza kitenge kile juu ya kichaka. "Mama Munira, utatuonyesha ku basoda!" tukamnong'oneza, tukiwahofia askari. Ziwani, tanga la mumewe lilikuwa linakaribia mji. Likasita, likapinda, likanyooka kuja upande wetu.

"Akili yake njo hii," akasema mkewe, akikikunja kitenge upesi.