Makohozi Safi

Neno lenyewe lilitoka kinywani mwangu, sina wa kumsingizia. Husemwa mdomo uliponza kichwa. Wangu umeponza kifua cha mtu mwingine.

Nafanya kazi ya maabara katika kituo kidogo cha afya upande wa Msambweni. Mtu akivaa koti jeupe hapa kwetu ni daktari, basi nami naitwa daktari, nimechoka kukanusha. Shangazi yangu, aliyenilea tangu nikiwa mchanga, alipougua kifua kikuu, mimi ndiye niliyewaona wadudu wake kwenye darubini, vijiti vyekundu juu ya rangi ya buluu. Nililia pale pale kitini.

Dawa zake ni za miezi sita. Baada ya miezi miwili mgonjwa huleta tena kikopo cha makohozi. Nilikipima cha shangazi huku nikisali, maana mimi pia ni Mkristo na sioni haya kusema hivyo. Sikuona kijiti hata kimoja. Kwenye karatasi huandikwa "hasi", lakini kumwambia mzazi kwamba yeye ni hasi kwasikika kama tusi. Nikamwambia, "Shangazi, makohozi yako ni safi."

"Safi kabisa?"

"Safi kabisa. Lakini vidonge uendelee navyo."

Hilo la vidonge sidhani alilisikia. Alikuwa ameshaanza kumshukuru Mungu kwa sauti, mlangoni pa maabara, wagonjwa wakimtazama.

Jumapili nilimsindikiza kanisani kwao Ukunda, akasimama kutoa ushuhuda, karatasi ya majibu mkononi. Mchungaji akaniita mbele, akanipa kipaza sauti. "Daktari, wewe uliyesoma, tuambie. Uliona nini?"

Nilijua la kusema. Nilijua kwamba dawa huua wadudu wengi kwanza, na wachache wanaobaki hujificha wasionekane. Nilijua kwamba "sikuona" si sawa na "hakuna". Naamini Lazaro alitoka kaburini, na naamini vidonge vile ni rehema ya Mungu pia. Ningeweza kuyasema yote mawili kwa pumzi moja.

"Sikuona kitu," nikasema.

Kanisa likalipuka kwa makofi. Nikamrudishia mchungaji kipaza sauti, nikaenda kukaa. Nilijiambia sikutaka kumwaibisha shangazi mbele ya watu. Kweli ni kwamba nilipenda yale makofi.

Siku chache baadaye jirani ya shangazi, mama wa Kiislamu aliyeishi naye ukuta kwa ukuta miaka mingi, alinifuata kazini. Nikampa shikamoo. Akaitika, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, shangazi yako ameviacha vidonge, viko juu ya kabati. Sisi twasema shifaa ni ya Mwenyezi Mungu, na dawa ni sababu. Kamwambie asiiache sababu."

Nilikwenda siku ile ile. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, akitabasamu.

"Uliniambia ni safi. Ukasema na kanisani. Aliyedanganya ni Mungu au ni wewe?"

"Ni mimi, shangazi. Nilisema nusu."

"Si wewe, ni Shetani anakutia shaka. Mtu aliyeponywa akimeza dawa amemtukana aliyemponya."

Hakuvimeza tena. Kila Jumapili huwafundisha watoto katika chumba cha nyuma cha kanisa, chenye dirisha moja ambalo hulifunga ili kelele za barabarani zisiingie. Mwezi uliopita nilikwenda tena kusali kwao, na tukiwa katikati ya wimbo nilisikia kikohozi kutoka chumba kile. Nilikijua. Watoto walikuwa wakiimba wamemzunguka.

Leo asubuhi amekuja mwenyewe. Amekonda, leso ameikaza kiunoni mara mbili. Ameweka kikopo dirishani pangu na kusema mchungaji anataka karatasi mpya ya kuwaonyesha wageni.

"Niandikie lile neno lako," amesema, kisha akaenda kukaa kwenye benchi na kufungua Biblia yake.

Ndani ya kikopo mna uzi mwembamba wa damu. Nimepaka kioo, nimekitia rangi, nimekiweka chini ya darubini. Safari ile nilisali nisione kitu. Leo, kabla ya kuinamisha jicho, nimemwomba Mungu nione.